Kubandika prizimu na vioo vya hadubini kwenye viti vya metali vyenye rangi, anodaizi au nikeli

Hadubini ya macho mawili ikianza kuonyesha kila kitu mara mbili, mara nyingi lenzi zake ni nzima kabisa. Kilichotokea ni kwamba prizimu moja, yaani kipande cha kioo chenye pembe kinachogeuza njia ya mwanga ndani ya kichwa, imeachia gundi, ikasogea nusu milimita au ikalala upande. Mtaalamu wa maabara katika kituo cha afya cha daraja la III hapa Uganda ataendelea kuitumia hivyo hivyo kwa sababu hana nyingine, na wagonjwa wa malaria wako kwenye benchi nje. Kabla ya kuandika kwamba slaidi haina vimelea anatakiwa apitie angalau maeneo 100 ya kuonea kwa lenzi ya mafuta. Mpe picha mbili zisizokutana, na kufikia saa nne asubuhi kichwa kinamgonga, na vimelea wachache waliojificha wanampita. Kazi ya gundi ninayoieleza hapa ni ndogo kwa macho, lakini mwisho wake ni mtu anayepewa dawa au anayenyimwa.

Nimeandika kwa ajili ya mafundi wenzangu wa vifaa vya tiba na vya upimaji ardhi walioko Arua, Gulu, Mbale, Kasese, Kabale na kwingineko, ambao Kiswahili ndiyo lugha tunayokutana nayo tukitoka kila mtu na ya kwao. Mifano yangu ni ya hadubini, lakini theodolaiti na darubini za mkono zinafuata njia hiyo hiyo.

Jambo moja lishike kuliko mengine yote: gundi haishiki metali, inashika kilicho juu ya metali. Kiti cha prizimu, yaani kile kipande kinachobeba kioo, kwa kawaida kimepakwa kitu cheusi ili mwanga usirukeruke ndani. Ukibandika juu ya rangi, prizimu inaning'inia kwenye rangi. Hata ukinunua gundi ya bei gani, nguvu ya kiungo chako ni nguvu ya rangi ile kung'ang'ania alumini, na rangi nyingi za viwandani hazikutengenezwa kubeba mzigo.

Soma gundi ya zamani kabla ya kuifuta

Ukifungua kichwa, usikimbilie asetoni. Piga picha kwa simu, kisha chora mstari wa penseli au sindano kuzunguka prizimu pale ilipokuwa imekaa. Alama za gundi ya kiwanda ndizo ramani yako ya kuirudisha mahali pake, na ukishazifuta hakuna atakayekurudishia.

Sasa chukua lenzi ya mkono na uangalie gundi ilibaki upande gani. Hapa ndipo utajua kilichoua kiungo.

Gundi yote ikiwa kwenye kioo, na juu ya gundi kuna ngozi nyeusi, basi rangi imeng'oka kwenye metali. Ukibandika tena juu ya rangi iliyobaki, kifaa kitarudi. Gundi yote ikiwa kwenye metali na kioo kimetoka kisafi kana kwamba hakijaguswa, kosa liko upande wa kioo: ama hakikusafishwa vizuri, ama unyevu umepenya polepole kati ya gundi na kioo. Maji hupenda sana mpaka ule wa kioo na epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili), na kifaa kilichokaa miaka kando ya Ziwa Victoria, Entebbe au Jinja, kinaonyesha hali hii mara nyingi. Gundi ikigawanyika, nusu huku nusu kule, maana yake ilishika pande zote mbili vizuri ila yenyewe ikachoka au ikapata pigo. Hiyo ndiyo hali njema kuliko zote, maana maandalizi yalikuwa sawa.

Hali ya nne inatisha zaidi: kwenye gundi kumebaki ganda jembamba la kioo, na kwenye prizimu kuna kishimo chenye umbo la kombe. Gundi ilikuwa ngumu mno au nyembamba mno, metali ikavutana na kioo joto lilipopanda na kushuka, na kilichokubali kukatika ni kioo. Ukiona ganda hilo, usirudie gundi ile ile hata kama kiwanda ndicho kiliitumia.

Kama prizimu imeachia kona moja tu na lazima uitoe, usiichokonoe kwa bisibisi. Silikoni hukatwa kwa uzi: pitisha uzi wa kusafishia meno au mshipi mwembamba wa nailoni chini ya kioo, uvute huku na huku kama msumeno. Epoksi hulegezwa kwa kupasha kiti polepole kwa kikausha nywele. Nyingi hulegea sana zikipita nyuzi 80 za Selsiasi. Ila angalia kwanza prizimu yenyewe. Kichwa cha macho mawili huwa na prizimu ya kugawanya mwanga, ambayo ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa simenti ya macho, yaani gundi angavu ya kuunganishia vioo, na joto linaweza kuilegeza simenti hiyo pia. Kwa prizimu ya namna hiyo tumia uzi na subira.

Utando ni wa aina gani?

Huhitaji maabara kujua. Chovya pamba kwenye asetoni, isugue mahali pasipoonekana. Rangi ya kawaida ya kupuliza italainika na kuchafua pamba. Rangi ya unga, ile inayookwa kwenye tanuri, itapoteza mng'ao na kunata kidogo lakini haitoki haraka. Anodaizi, yaani utando mgumu unaooteshwa kwenye alumini yenyewe kwa umeme, haijali asetoni hata kidogo.

Kisha weka mita ya umeme kwenye kipimo cha ukinzani. Anodaizi ni oksidi ya alumini, haipitishi umeme; rangi pia haipitishi. Nikeli inapitisha. Alumini yenye utando wa kromati, ule wa manjano kama dhahabu au wenye upinde wa rangi, nayo inapitisha. Utando huo wa kromati ni msingi mzuri wa gundi, na ukiwa mzima usafishe tu, usiupige msasa: vumbi lake lina kromiamu ya aina inayosababisha saratani. Vifaa vya zamani vinaweza pia kuwa na sehemu zilizopakwa kadimiamu, za kijivu au manjano hafifu. Hiyo pia isipigwe msasa.

Ukishajua ni anodaizi, kuna swali la pili ambalo wengi hawaliulizi. Anodaizi ikitoka kwenye tindikali huwa na vitundu vidogo mno visivyoonekana, na kiwanda huvifunga kwa maji ya moto au chumvi ya nikeli ili rangi isitoke. Isiyofungwa hushika gundi vizuri sana, kwa sababu gundi inaingia kwenye vitundu. Iliyofungwa ni laini na gundi huteleza juu yake. Kuzitofautisha, weka tone la wino wa kalamu kwenye kona, subiri dakika chache, lifute kwa kitambaa chenye spiriti. Doa likibaki, vitundu viko wazi. Likitoka lote, vimefungwa. Kwenye anodaizi nyeusi doa halionekani, kwa hiyo nakushauri uichukulie kuwa imefungwa, maana karibu kila sehemu nyeusi ya dukani imefungwa.

Kuandaa kiti

Rangi, iwe ya kupuliza au ya unga, itoe. Usiitoe kiti kizima. Utaharibu ule weusi unaokinga mwanga. Toa pale tu gundi itakapokaa. Bandika utepe wa karatasi, kata tundu la mduara lenye kipenyo kinachozidi kidogo kile cha tone la gundi, kwangua rangi ya ndani kwa kisu chenye ncha bapa hadi metali ionekane, halafu piga msasa namba 240 hadi 320 kwa mizunguko midogo. Alumini iliyo wazi hujifunika oksidi mpya papo hapo, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyokusanya unyevu na mafuta ya hewani. Kwa hiyo usikwangue leo ukabandike kesho. Maliza ndani ya saa chache.

Anodaizi iliyofungwa isugue kwa msasa laini, namba 400, kiasi cha kuondoa mng'ao. Hutaimaliza, ni ngumu, na wala hutaki kuimaliza. Isiyofungwa iache kama ilivyo, safisha tu. Nikeli inayong'aa isugue vivyo hivyo na ubandike mara moja. Nikeli iliyoanza kubambuka iondoe hadi ufike kwenye shaba au chuma cha chini, kwa sababu inaachia kwa maganda kama rangi.

Kazi hii yote ya vumbi ifanyie meza nyingine, mbali na ile ya lenzi. Chembe moja ya msasa kwenye kitambaa cha kufutia inatosha kuchora prizimu.

Baada ya msasa, futa kwa asetoni, kisha kwa pombe ya isopropili. Futa kuelekea upande mmoja, geuza kitambaa, futa tena kwa sehemu safi. Ukisugua huku na huku unayahamisha mafuta tu. Hakikisha asetoni haifiki kwenye rangi unayotaka ibaki. Mwisho dondosha tone la maji safi pale uliposugua: likitanda na kubaki kama utando mmoja, pako tayari, likijikusanya kuwa shanga, mafuta bado yapo, rudia. Kausha vizuri kabla ya kuendelea.

Kwetu hapa kuna tatizo ambalo vitabu vya nchi kavu havilitaji. Asetoni hukauka haraka mno na kuacha metali imepoa. Siku ya mvua, hewa ikiwa imejaa maji, metali iliyopoa hivyo hushika umande mwembamba usiouona, nawe unabandika juu ya maji. Ndiyo sababu ya kumalizia na isopropili, ambayo hukauka polepole zaidi, kisha weka kiti karibu na balbu kwa dakika kumi hivi kiwe na uvuguvugu kidogo kuliko chumba. Mkono ukiugusa upande wa nyuma usisikie ubaridi.

Kuandaa kioo

Prizimu ina nyuso za aina mbili: zilizong'arishwa, ambamo mwanga unapita au kuakisiwa, na zilizosagwa, zenye ukungu kama glasi ya bafuni. Gundi huenda kwenye zilizosagwa. Hili si suala la usafi peke yake. Prizimu nyingi huakisi mwanga kwa ndani bila fedha wala alumini yoyote nyuma yake. Kwa kioo cha kawaida cha BK7, mwanga unaogonga uso kwa pembe inayozidi nyuzi 41 hivi unarudi wote ndani, kwa sababu tu upande wa pili kuna hewa. Weka tone la epoksi pale, na kwa kuwa epoksi hupinda mwanga karibu sawa na kioo, mwanga hauoni tena ukuta: unatoka kupitia gundi. Utapata doa jeusi kwenye picha na utahangaika kulitafuta kwenye lenzi. Kama kiti kina ukingo unaogusa uso uliong'arishwa, ujue ukingo ule ni wa kuegemea, si wa gundi.

Safisha uso uliosagwa kwa maji safi na tone la sabuni ya vyombo, suuza vizuri, kausha, asetoni kidogo kwenye pamba, kisha isopropili. Prizimu iliyounganishwa kwa simenti isitumbukizwe kwenye kitu chochote, na asetoni isifike kwenye mstari wa kiungo chake. Angalia kingo za uso uliosagwa: ukiona nyufa ndogo au vipande vilivyoruka, hamisha tone la gundi mbali na hapo. Gundi inaponywea huvuta, na ufa uliopo ndio itakaouendeleza.

Vioo vya kuakisi vya ndani ya hadubini vina alumini upande wa mbele, tando la unene wa takriban nanomita 100. Usiuguse uso huo hata kwa karatasi ya lenzi kama huna sababu. Gundi ni ya mgongoni.

Ukibahatika kupata praima ya silani inayokubaliana na epoksi yako, ipake nyembamba mno kwenye kioo kwa kufuata maelezo ya chupa. Inaunganisha kioo na epoksi kikemia na kuyazuia maji yasiingie katikati. Kwa kifaa kinachokwenda visiwa vya Ssese au kando ya mto Nile, mimi naiona ni lazima.

Gundi ipi

Supaglu hapana. Najua inapatikana kila duka na inashika kwa sekunde. Mvuke wake huganda kama ukungu mweupe kwenye kioo cha jirani, unyevu wetu unazidisha ukungu huo, na ikishakauka ni kavu isiyovumilia mtikisiko. Epoksi ya dakika tano nayo iache kwa kazi za muda. Nyingi ni ngumu na hazipendi unyevu wa miaka mingi.

Zinazobaki ni mbili. Ya kwanza ni epoksi inayonyumbulika. Inayojulikana zaidi kwenye kazi ya vioo ni 3M 2216 ya kijivu, inayochanganywa sehemu 5 za rezini kwa 7 za hadina (kigandishi chake) kwa uzito, na huchukua siku 7 kukomaa kabisa kwa nyuzi 24. Ya pili ni silikoni isiyo na asidi. Nusa bomba: ikitoa harufu ya siki, ni ya asidi ya asetiki, na mvuke wake unakula shaba, chuma na lile tando la alumini kwenye kioo cha kuakisi. Silikoni nyingi za kuunda matangi ya samaki zina harufu hiyo hiyo, kwa hiyo neno la samaki kwenye bomba lisikudanganye. Tafuta iliyoandikwa kwamba ni ya nyutro.

Mimi huchagua hivi: prizimu ndogo ambayo lazima isisogee hata mikroni chache (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), epoksi inayonyumbulika. Kioo cha kuakisi, lenzi kubwa, au kitu chochote kwenye kiti cha alumini kitakachosafiri barabara ya marumu, silikoni. Gundi inayoganda kwa mwanga wa urujuanimno ni nzuri kwa kioo juu ya kioo, lakini chini ya kiti cha metali mwanga haufiki, na katikati inabaki maji.

Unene na ukubwa wa tone

Hapa ndipo mafundi wengi wazuri hukosea kwa nia njema, wakidhani gundi nyembamba iliyobanwa sana ndiyo imara. Kwenye mbao ni kweli. Kwenye kioo na alumini ni kinyume.

Mita moja ya kioo cha BK7 hutanuka mikroni 7 kwa kila nyuzi moja ya joto. Alumini hutanuka karibu 24, shaba ya manjano kama 19, chuma cha pua cha kawaida kama 17, na titani chini ya 9, ndiyo maana watengenezaji wa vifaa vya bei kubwa huipenda titani. Chukua prizimu ya milimita 40 kwenye kiti cha alumini. Asubuhi Kampala ni nyuzi 20. Saa nane mchana imo kwenye buti ya gari lililoegeshwa juani, nyuzi 60. Tofauti ya kutanuka ni mikroni 26 hivi, 13 kila upande. Gundi yenye unene wa milimita 0.05 inalazimika kuvutika kwa robo ya unene wake kila mwisho. Silikoni ya milimita moja inavutika kwa zaidi kidogo ya asilimia moja na haijali.

Kwa lenzi ya duara iliyozungukwa na silikoni ndani ya bomba, kuna kanuni aliyoichapisha Bayar mwaka 1981: unene wa gundi ni nusu kipenyo cha lenzi, mara tofauti ya kutanuka kati ya metali na kioo, gawanya kwa tofauti ya kutanuka kati ya gundi na metali. Silikoni ikitanuka mikroni 250, lenzi ya kipenyo cha milimita 50 kwenye alumini inadai karibu milimita 1.8. Usijaze duara zima; weka vipande vilivyoachana, kwa sababu silikoni iliyobanwa pande zote haina pa kwenda na inakuwa ngumu kuliko inavyodhaniwa.

Kwa prizimu na vioo bapa, matone matatu yanatosha, yakiwa pembetatu, karibu na katikati kuliko kingoni. Matatu hukaa daima, manne yatagombana. Ukubwa upige hesabu. Prizimu ya gramu 60 inayopata pigo la mara 50 ya uzito wake, kama sanduku likianguka kutoka kwenye boda, inavuta kwa nyutoni 30. Zidisha kwa 4 kwa usalama, 120. Silikoni inayobeba takriban nyutoni moja kwa kila milimita ya mraba inahitaji milimita za mraba 120, yaani matone matatu ya kipenyo cha milimita 7. Epoksi ya 2216, yenye nguvu zaidi ya mara kumi, ingetosha kwa matone ya milimita 2. Weka ya 4, kwa kuwa nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi ilipimwa kwenye chumba kikavu. Usiende zaidi ya hapo. Tone kubwa la epoksi linavuta kioo kwa nguvu kubwa vile vile.

Siku ya kubandika

Panga kila kitu kikavu kwanza: kiti kimefungwa kwenye jigi (kishikilia kazi), prizimu imekaa mahali pake kwenye alama, vishikizo vipo, na umejaribu kuitoa na kuirudisha mara kadhaa. Vitenganishi vya unene ni rahisi kupata. Mshipi wa kuvulia samaki wa milimita 0.3, vipande viwili sambamba, unafaa kwa epoksi. Vijiti vya meno, ukivipima kwa kalipa, vinafaa kwa silikoni ya milimita 1 hadi 2. Fila geji za mafundi wa magari, zile za kupimia vali, ni bora zaidi ukiwa nazo, na pale Kisekka, soko la vipuri vya magari Kampala, hazikosekani. Kitenganishi kikae nje ya tone, na kitolewe gundi ikishashika. Ukikiacha, chenyewe ndicho kitakachobeba kioo.

Pima epoksi kwa mizani ya sonara yenye kusoma gramu 0.01. Kwa gramu mbili za mchanganyiko, jicho halitoshi. Changanya juu ya karatasi ya alumini kwa kijiti bapa, ukikwangua chini na pembeni, bila kupiga kama mayai, kwa sababu mapovu hayatoki. Hadina iliyokaa wazi kwenye hewa yenye unyevu huvuta maji na kaboni dayoksaidi na kutengeneza utando kama nta. Ukiuona, futa au chukua kopo jingine. Bakiza tone moja kwenye karatasi, andika saa pembeni yake. Kesho utachokonoa tone hilo, hutagusa kiungo.

Weka matone kwenye kiti, shusha prizimu moja kwa moja kutoka juu bila kuiburuta, acha uzito wake uikalishe juu ya vitenganishi. Sasa, gundi ikiwa bado laini, rudisha kichwa kwenye stendi, weka slaidi yenye mistari au msalaba, lenzi ya kukuza kidogo kwanza, na uangalie kwa macho yote mawili. Picha zikipishana kwa upana kidogo, macho yanaweza kuvumilia kwa kukaza. Zikipishana juu na chini, hapana: hakuna msuli unaoinua jicho moja na kushusha jingine siku nzima. Rekebisha wima kwanza, kisha upana, kisha panda lenzi kubwa. Una muda wa kutosha. Gundi ya polepole ndiyo rafiki wa kazi hii.

Usijenge ukingo mnene wa gundi kupanda ubavuni mwa kioo. Gundi ikifurika, ichukue kwa kijiti ikiwa laini.

Kungoja

Acha kichwa wazi, chini ya bakuli lililofunikwa lenye nafasi ya hewa, ili mvuke wa gundi utoke usitue kwenye lenzi. Silikoni hukomaa kuanzia nje kwa unyevu wa hewa, kama milimita 2 hadi 3 kwa siku, hivyo tone la milimita 7 lipe siku tatu. Mvua hapa inakusaidia. Epoksi inataka joto badala yake. Kabale usiku wa nyuzi 12 kazi inakwenda taratibu mno. Tengeneza sanduku lenye balbu na kipimajoto, ukikaa kati ya nyuzi 25 na 30.

Usishawishike kupandisha hadi 66 ili ikomae kwa saa mbili, ingawa karatasi ya gundi inaruhusu. Kioo na alumini vitaungana vikiwa vimetanuka, na ukivirudisha chumbani umefungia ndani mvutano wa nyuzi 40 ambao hautaondoka kamwe. Gundi ikomae katika joto ambalo kifaa kitatumika.

Kupima

Kwanza tone la karatasi: likiwa bado linanata, ngoja. Pili, tafuta vipande viwili vya karatasi ya polaroidi. Skrini ya kikokotoo kilichokufa, kutoka kwa fundi simu yeyote, inatoa. Vikabilishe na uzungushe kimoja hadi giza liingie, kisha weka prizimu yenye kiti chake katikati ikiwa mwanga unaweza kupita. Kioo kisicho na mvutano hubaki giza. Ukiona mng'ao karibu na tone la gundi, hapo kioo kinavutwa. Mng'ao hafifu unakubalika. Mkali, hasa ukikaribia uso unaopitisha mwanga, toa na uanze upya kwa tone dogo au nene zaidi, kwa kuwa huo ndio ufa wa mwaka ujao.

Tatu, kiache kichwa saa chache mahali penye joto la mchana, kisha usiku mmoja mahali pa baridi, na uangalie tena picha zote mbili. Kama hazikuhama, gusa kwa rangi nyeusi isiyong'aa zile sehemu ulizokwangua zilizobaki wazi. Ikiwa ni epoksi, futa kwanza kwa maji ile nta ya juu, maana rangi haitaishika.

Kabla ya kufunga, bandika karatasi ndogo ndani ya kifuniko: jina la gundi, tarehe, utando uliokuwepo, na kama umeukwangua. Weka pia kifuko cha silika jeli kwenye sanduku la hadubini, na umwelekeze mwenye nayo akikaushe kwenye tanuri au sufuria kavu kila kinapobadilika rangi. Mwombe aangalie slaidi yenye msalaba kwa macho yote mawili baada ya mwezi mmoja, na akupigie simu hata kama iko sawa.